Sura ya 5: Ngumi, Ubavu, Kiganja

Weka mkono wa kulia juu ya meza. Kunja ngumi, igonge mezani. Fungua vidole, usimamishe mkono kwa ubavu wake, upande wa kidole cha mwisho. Kisha ulaze, kiganja chini. Ngumi, ubavu, kiganja. Rudia mara kumi na kadhaa, kila mara haraka kidogo, bila kujiimbia maneno. Wengi wetu tutapotea mara moja au mbili, tutacheka, halafu mkono utashika njia. Kuna watu ambao mkono wao haushiki njia. Wanapiga ngumi mara mbili, wanaruka ubavu, wanasimama katikati wakiutazama mkono kama wa mtu mwingine. Ukiwaonyesha upya wanaelewa vizuri kabisa wanachotakiwa kufanya, ila hakifanyiki.

Zoezi hilo tumeachiwa na Aleksandr Luria, Mrusi aliyewachunguza wanajeshi waliojeruhiwa kichwani katika Vita vya Pili vya Dunia. Yako mengine ya jamii hiyo. Simama miguu pamoja, mikono mbele, macho ukiwa umefumba, tuone kama utayumba. Tembea juu ya mstari wa vigae vya sakafu, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya ule. Gusa kila kidole kwa dole gumba, kwenda na kurudi. Fumba macho nikuwekee kitu mkononi ukitaje: ufunguo, kifungo, shilingi tano. Nikuandikie namba kiganjani kwa kalamu iliyofunikwa, unisomee. Sikiliza nikigonga meza, kisha unirudishie mdundo uleule. Mwaka 1989 Wamarekani Robert Buchanan na Douglas Heinrichs walichapisha orodha ya vipimo 26 vya namna hii, na mpaka leo watafiti wa saikosisi, hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia, huitumia sana. Picha ya MRI pale Upper Hill, Nairobi, humeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa ya familia ya mtaa wa Kangemi. Vipimo hivi vinataka meza, kiti, sarafu na dakika chache za daktari, na hizo dakika ndizo adimu.

Kinachotafutwa ni dalili laini za neva. Mkono uliopooza baada ya kiharusi ni dalili ngumu: daktari wa neva anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ubongo ulipoumia. Dalili laini hazina anwani. Zinasema tu kwamba sehemu za ubongo zinazopaswa kupokezana kazi, ya kupanga, ya kuhisi, ya kutekeleza, hazipokezani sawasawa. Kila mmoja wetu anazo moja mbili. Watu wenye skizofrenia wanazo nyingi zaidi, na si Ulaya tu: Oye Gureje aliziona kwa wagonjwa wa Nigeria na kuchapisha matokeo yake mwaka 1988. Ndugu zao wa damu ambao hawaumwi nao huwa nazo kiasi, kati ya mgonjwa na mtu baki.

La kushtua ni kwamba alama hizi hazingoji ugonjwa. Mwaka 1990 Elaine Walker wa Atlanta alieleza jinsi alivyokusanya sinema za nyumbani, zile za sikukuu na za kuzaliwa, za watu ambao baadaye walipata skizofrenia, akawaonyesha watazamaji wasiojua ni mtoto gani aliugua na yupi hakuugua. Watazamaji waliwatambua vizuri kuliko ambavyo kubahatisha kungewawezesha. Uingereza nako, watoto waliozaliwa mwaka 1946 walifuatiliwa mpaka utu uzima, na wale walioishia kupata skizofrenia walikuwa wamechelewa kutembea kwa mwezi mmoja na ushei. Hakuna mzazi ambaye angelipeleka hilo kliniki. Lakini ukiyaweka pamoja unapata picha ya ubongo uliojengwa na kasoro ndogo toka mwanzo, ukasubiri miaka 20 kabla ya kuangusha mzigo.

Sasa tuje kwenye bangi.

Mchukue kijana wa miaka 21 wa Kawangware. Simsemi mtu fulani. Ni mmoja wa wengi, na daktari yeyote wa magonjwa ya akili Nairobi atakwambia amemwona wiki hii. Alifanya vizuri KCSE, akaingia chuo cha ufundi mjini, akawa akipanda matatu ya 46 asubuhi na kurudi usiku. Alianza kuvuta kidato cha tatu, msokoto wa kushiriki watu wanne. Mwaka huu anavuta kila siku, peke yake. Mwezi wa tatu alianza kusema makanga wa matatu wanamjadili. Mwezi wa nne alizima simu kwa sababu inamrekodi. Wa tano alilala nje siku mbili, na mama yake akampata karibu na Yaya akizungumza na mtu asiyekuwepo. Anapofikishwa hospitali mama ana hukumu tayari: “Daktari, huyu mtoto hana shida yoyote. Ni hii bangi tu imemharibu.” Mjomba aliyemsindikiza anaamini kuna mkono wa mtu. Kijana mwenyewe anasema bangi ndiyo inayomtuliza.

Bangi si jambo la vijana wachache waliopotea. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulihesabu watumiaji 518,807 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, yaani Mkenya 1 kati ya 53, na kiwango kilikuwa kimepanda kwa asilimia 90 ndani ya miaka 5. Mzigo unaingia kupitia Busia, Isebania na Moyale, na ule unaotoka Ethiopia kupitia Moyale, shash, ndio wavutaji wa Nairobi wanaousifu kwa ukali. Karibu wote hao nusu milioni hawatapata saikosisi, na mwandishi asiyesema hivyo waziwazi anatisha watu bure, kisha hawamsikii anapokuwa na la maana.

La maana ni hili. Mwaka 1987 Sven Andréasson na wenzake walichapisha habari za vijana wa Sweden zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970, wakafuatiliwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara 6 kuliko wasiovuta kabisa. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake walilinganisha wagonjwa wapya wa saikosisi na watu wasioumwa katika vituo 11, vingi vya Ulaya: mwenye kuvuta kila siku bangi yenye THC, kemikali yake inayolevya, ya asilimia 10 au zaidi alikuwa na uwezekano wa kuugua wa karibu mara 5 ya asiyewahi kuvuta. Wavutaji pia huugua mapema, kwa wastani wa miaka 2.7 kabla ya wagonjwa wenzao wasiovuta. Bangi ya Kawangware haiuzwi na kibandiko cha asilimia. Muuzaji husema ni kali au si kali, basi.

Ukiwa na hayo mkononi, ungetabiri nini kuhusu ngumi, ubavu na kiganja? Ubongo una vipokezi ambavyo THC huvishika, vinaitwa CB1, na vimejaa hasa katika ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, katika vituo vya ndani vinavyoongoza mwendo, na katika sehemu ya kumbukumbu. Ubongo mdogo ndio unaotufanya tutembee juu ya mstari bila kuyumba. Kwa hiyo mgonjwa anayevuta angepaswa kuwa na mikono mibaya zaidi: ugonjwa umechukua chake, bangi ikaongeza chake. Hesabu rahisi ya kujumlisha.

Mwaka 2009 Miguel Ruiz-Veguilla na wenzake wa Hispania walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu waliopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wavutaji wakubwa wa bangi walikuwa na dalili laini chache kuliko wasiovuta. Hawakuwa wa kwanza kuona kitu kama hicho, wala si mikono pekee: watafiti kadhaa wamekuta kwamba wagonjwa wavutaji hufanya vizuri kuliko wenzao hata katika vipimo vya kumbukumbu na umakini. Wapo waliofurahia habari hii kupita kiasi, wakasema bangi inalinda ubongo. Hiyo ni kusoma kinyumenyume. Watafiti wa Ufaransa waliowachunguza wavutaji sugu wasio na saikosisi yoyote, utafiti ulioongozwa na Alain Dervaux, walikuta dalili laini nyingi zaidi kuliko kwa wasiovuta. Moshi haunyooshi mkono wa mtu.

Maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi ni kwamba kundi moja tunaloliita saikosisi lina watu waliofika hapo kwa njia mbili tofauti. Wako walioletwa na ubongo wenye kasoro toka utotoni. Hao wangeugua hata kama wangelelewa katika nyumba isiyojua kiberiti. Na wako ambao ubongo wao ulikuwa umejengwa vizuri, au vizuri kiasi cha kusimama wenyewe, wakasukumwa na THC ya kila siku katika umri ambao ubongo bado unajipanga. Hao wa pili mikono yao haina historia ya kusimulia.

Kuna maelezo ya pili, na mtu wa Nairobi atayaelewa haraka kuliko profesa wa Hispania. Kununua bangi ni kazi ya akili. Lazima ujue nani anayo, umwendee kwa lugha yake, ujue karao, yaani polisi, wanapita saa ngapi, ukubalike kwenye besi, kijiwe cha wavutaji, ukumbuke nani unamdai msokoto na nani anakudai. Kijana aliyekuwa mzito wa kuchangamana toka darasa la kwanza, anayekosea hatua za densi na kukaa pembeni wakati wa mpira, mara nyingi hafiki kwenye besi hata kidogo. Kwa maneno mengine, bangi huchagua wachangamfu, kisha baadhi yao huugua. Maelezo haya mawili hayapingani, na nadhani yote yanafanya kazi pamoja, ingawa ya kwanza ndiyo yenye matokeo makubwa wodini.

Maana yake ni kwamba yule kijana wa Kawangware anayepiga ngumi, ubavu, kiganja bila kosa, ambaye mama anamtazama kwa matumaini na kusema “si unaona, daktari, yuko sawa,” ndiye hasa ambaye bangi ilimfanyia kazi kubwa. Ndiye mwenye mengi ya kuokoa akiiacha.

Hata hivyo, kabla ya kumwambia mtu yeyote wa mji huu kwamba tunausoma ubongo wake kupitia mwili, lazima tukumbuke kwamba Nairobi ilishasomwa hivyo, na ilisomwa vibaya. Miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa akipima vichwa vya Waafrika na kutangaza kwamba akili zao zina upungufu wa kuzaliwa. Mwaka 1933 walowezi wakaunda chama cha kuchunguza “uboreshaji wa mbari”. Mwaka uliofuata F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali hapa mjini, alichapisha vipimo vya ubongo wa Waafrika waliokufa Nairobi, akadai gamba la ubongo wao ni jembamba kwa asilimia 14.8 kuliko la Wazungu. Asilimia yenye nukta, ili ionekane sayansi. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari toka 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo Mwafrika mzima wa afya alifananishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimtumia huyohuyo kueleza Mau Mau kama tatizo la saikolojia.

Siyataji haya kwa sababu ya uchungu wa zamani. Nayataja kwa sababu kosa lao la msingi linaweza kurudiwa na daktari mwema kabisa mwaka huu. Orodha ya Buchanan na Heinrichs ilitengenezwa Marekani. Kusoma namba kiganjani hakumtendei haki aliyeacha shule darasa la tatu. Halafu mikono ya Wakenya ina sababu nyingi za kukosea zisizohusiana na skizofrenia wala bangi. Mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa na kukosa hewa. Mtoto aliyeumwa malaria ya kichwa akapona na kubaki na kilema kidogo kisichoonekana. Charles Newton na wenzake wa Kilifi wametumia miaka mingi wakieleza madhara hayo. Kifafa. Virusi vya ukimwi. Ajali ya bodaboda pale Waiyaki Way. Bila kundi la kulinganisha la Wakenya wa umri uleule, elimu ileile na mtaa uleule, idadi ya makosa ni namba tu, kama ile ya Vint.

Kazi ya kuwa na vipimo vyetu imeanza. David Ndetei na Victoria Mutiso, wakishirikiana na Daniel Mamah wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, wamewafuatilia vijana wa Kenya walio katika hatari ya kupata saikosisi, wakianzia shuleni na si wodini. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimefungua taasisi ya ubongo na akili inayofanya kazi toka Parklands. Kinachotakiwa kutoka kwao, kwa maoni yangu, si mashine mpya. Ni kujua kijana wa kawaida wa Kangemi hukosea mara ngapi.

Wakati tukingoja, kliniki ina mitego yake. Wa kwanza ni dawa yenyewe. Haloperidoli, ambayo ndiyo hufikiwa haraka katika hospitali za umma, hukakamaza misuli, huleta mtetemo, humfanya mtu ashindwe kutulia kitini. Sindano ya mwezi, Modecate, hufanya hivyohivyo. Ukimpima mtu siku ya kumi ya matibabu, huenda unaipima haloperidoli. Mgonjwa apimwe kabla ya dozi ya kwanza inapowezekana, na ikishindikana, dawa na kipimo chake viandikwe kando ya matokeo. Mtego wa pili ni bangi ya jana: aliyevuta asubuhi atayumba kwenye mstari wa vigae na hilo halisemi lolote kuhusu utoto wake. Mpe siku kadhaa.

Wa tatu ni ukweli. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilipotungwa iliweka kifungo cha miaka 10 kwa aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Adhabu hiyo ililegezwa mwaka 2022, lakini hofu haijafanyiwa marekebisho. Wagonjwa wengi huletwa na polisi au kwa barua ya chifu. Ukimuuliza kijana huyo mbele ya askari anavuta kiasi gani, atakwambia aliacha zamani. Mtoe askari nje, mtoe hata mjomba, kisha uulize kwa lugha ya mtaani: misokoto mingapi kwa siku, ya nani, toka darasa gani, huwa ya Busia au shash. Majibu hayo yana faida kuliko kipimo cha mkojo, ambacho kwa mvutaji wa kila siku kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha na hakisemi alianza lini.

Na mtego mbaya kuliko yote ni lile neno tu la mama. “Ni bangi tu” hugeuka kuwa “itatoka yenyewe”. Kule Denmark, nchi inayoandika kila mgonjwa wake, watu waliopata saikosisi iliyoandikwa kuwa imeletwa na bangi walifuatiliwa kwa miaka: karibu nusu, asilimia 47, waliishia kupata skizofrenia au ugonjwa wa hisia wa kupanda na kushuka. Utafiti wa Marie Starzer na wenzake ulichapishwa mwaka 2018, na ningependa ubandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha dharura kinachompa kijana sindano ya kumlaza na kumrudisha nyumbani asubuhi.

Upande wa pili wa habari ni mzuri. Tatiana Schoeler na wenzake walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2016 wakiwatazama waliougua saikosisi wakati wakivuta. Walioendelea kuvuta walirudiwa na ugonjwa zaidi na kulazwa muda mrefu zaidi. Walioacha walifanana na wale ambao hawakuwahi kuvuta.

Familia nyingi za Nairobi huwa na jibu lao la jinsi ya kumfanya aache: apelekwe ushago kwa nyanya yake, mbali na besi. Mara nyingine linasaidia, na sioni sababu ya kulidharau. Lakini bangi huota vizuri mashambani, na kinachopungua huko ni dawa. Mama akishaamua hivyo, asiondoke kliniki bila barua kwa hospitali ya kaunti anakokwenda kijana, yenye mambo haya: jina la dawa na kipimo chake, tarehe ya sindano inayofuata, alivuta kiasi gani na toka lini, na mikono yake ilifanya nini kabla ya dozi ya kwanza.